Iko Sawa, S.

Mtu akinipigia simu na kuniuliza "Upo wapi?" kabla hata ya salamu, huwa nakaa chini kwanza. Alikuwa Mama Neema, mke wa Raymond, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Da' Saida, upo wapi? Umekaa? Mwenzio ametutoka." Nilikuwa ofisini kwangu Kinondoni, mbele yangu bango la sabuni linasubiri sahihi yangu, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Nilijiuliza kama aliwahi kumwambia mkewe. Nikampa pole, nikauliza msiba upo wapi wakati najua fika upo wapi, na muda wote huo masikio nimeyatega, nasikiliza kama kuna kijembe ndani ya ile sauti. Hakikuwemo. Alisema tu, "Kesho uwahi, kabla hatujaenda kanisani. Kuna kazi yako hapa. Marehemu ameacha maagizo." Sasa niambieni, mtu wa namna gani anapewa habari ya kifo cha rafiki yake, halafu anachoogopa ni maagizo? Mtu wa namna yangu. Ndiyo maana nauandika mwaka ule niliosoma naye chuoni, kabla sijajipa sababu nyingine ya kunyamaza.

Habari za kwetu na nilivyozaliwa tuwaachie wenye ukoo wa kujivunia. Mie nawapeleka moja kwa moja kwenye chumba. Kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo Kinondoni, kinanuka saruji na tina ya kuyeyushia rangi, dari lake limechorwa ramani na mvua za miaka. Kompyuta zilikuwa tano, sie tulikuwa wengi, kwa hiyo kazi nyingi tulianza kwa penseli. Chuo kile kilikuwa ni mtu mmoja, Mwalimu Mbonde, mfupi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, rula ya chuma mkononi. Mitihani ya kubuni hakuitaka. "Mazoezi ya uongo yanazaa wachoraji wa uongo," alikuwa akisema. Kampuni au shirika likitangaza shindano, linatafuta nembo, lebo au bango, yeye alilichukua tangazo lile akalibandika mlangoni, na hilo ndilo lilikuwa somo letu mpaka siku ya kukabidhi. Tulishindana na watu wazima wenye ofisi zao na viyoyozi vyao. Mara nyingi tulipigwa, na tukipigwa alitupiga tena.

Kila Alhamisi asubuhi kazi zote zilibandikwa ukutani bila majina. Mwalimu alipita mbele yake taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa msikiti. Kazi ikimchukiza, aliigonga na rula katikati. "Hii maiti," alisema. "Nani ndugu wa marehemu?" Mwenyewe lazima asimame, aseme "Ni yangu," aende akaibandue mbele ya wenzake wote. Usiposimama, anangoja. Niliwahi kumwona akingoja mpaka muda wa chai ukapita, na binti mmoja akasimama analia, akasema ni yangu, kumbe wala haikuwa yake, alichoka tu kusubiri. Tulicheka. Sitawadanganya kwamba tulimhurumia. Kila aliyeitwa ndugu wa marehemu alikuwa ni mmoja aliyepungua mbele yako.

Sheria yake ya pili ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo. Aliiita jicho la pili. Hakuna kazi itakayoshuka ngazi zile bila nakala yake ya majaribio kupitiwa na mwanafunzi mwingine, herufi kwa herufi, na yule aliyeipitia aandike kwa penseli kwenye kona, "Iko sawa," kisha herufi ya kwanza ya jina lake. "Mwenye kazi haoni kosa lake, kama mtu asivyosikia harufu ya kinywa chake," alitwambia. "Atakayeruka jicho la pili, mlango ule pale, na asirudi." Hilo la mlango hakulisema kwa kutisha. Tulishamwona kaka mmoja akiondoka na mkoba wake kwa kosa hilo, na kesho yake kiti chake kikawa kinawekewa mikoba yetu.

Raymond alikuja kutoka Mwenge, kwa mjomba wake mchonga vinyago. Walikuwa watu wa kusini. Alikuwa na mkono, jamani! Mwenyewe nimefanya kazi hii mpaka nywele zimebadilika rangi na sijaona mkono ule mara ya pili. Akichora mtu kwa nyuma, mgongo tu, ungesema yule pale ana njaa na yule ana deni. Lakini ulimi wake haukuwa na r. Barabara kwake ilikuwa balabala, harusi halusi, rafiki lafiki, na alipojitambulisha siku ya kwanza alisema, "Mimi naitwa Laimondi," darasa likaanguka. Kuanzia siku ile hakuwa na jina lingine. Mbaya zaidi, kalamu yake iliandika kile kile ulimi ulichosema, kwa sababu sikio lake halikusikia tofauti. Na mie, mtoto wa mjini, pwani hii hii, niliyejiona Kiswahili nimekinyonya, ndiye niliyekuwa kiongozi wa mchezo. Nilimsimamisha muda wa chai kama kasuku. "Sema rra." "Laa." "Rrra!" "Lllaa." Watu mbavu hawana. Naye alicheka pamoja nao, ndicho kilichonikera, maana mtu ukimcheka akacheka nawe, utani unakwisha utamu, inabidi uongeze. Nikawa naongeza.

Mwalimu alitupanga pamoja. "Wewe Saida una mdomo, huna mkono. Huyu ana mkono, hana mdomo. Kaeni hapo mtoke mtu mmoja." Basi tukawa mtu mmoja. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa lebo ya pilipili ya chupa, ya kikundi cha akina mama wa Tandale. Tulichora kitu cha kupendeza, kijani na nyeupe, maua pembeni, tukaenda nacho sokoni tukijisikia mabingwa. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akaishika lebo kwa ncha za vidole. "Wanangu, hii ni pilipili au dawa ya meno?" Mwenzake akadakia, "Ukipaka hii meno yanang'oka yenyewe." Raymond akachutama chini pale pale, kati ya magunia, akauliza, "Mama, mtu akiila anafanyaje?" Yule mama akafanya: akafumba jicho moja, akavuta pumzi kwa meno. Raymond akamchora papo hapo. Mie nikaandika chini yake, "Nimekwambia kidogo." Wale akina mama walicheka mpaka wakaita majirani, na lebo ile ilishinda, tukawa tumeshinda shindano la kwanza la chuo chote mwaka ule.

Tulifanyia kazi Mwenge, nyuma ya kibanda cha mjomba wake, kwa sababu chuoni meza hazikutosha. Tulikaa juu ya magogo, miguu imezama kwenye vibanzi vyeusi vya mpingo, na saa saba tulikula ugali na kisamvu cha nazi kwenye sinia moja na wachongaji. Mie nilikuja na ndimu zangu na pilipili yangu ile ya Tandale. Wale wazee hawakujali kama nipo. "Mgeni akisifu sana, huyo hanunui," mmoja alisema. "Anayenuna ndiye mwenye pesa." Mjomba mtu alikuwa mkali kama tezo lake la kuchongea. Raymond akimsaidia akakata pasipotakiwa, alimfokea, "Kibanzi hakirudi! Kibanzi hakirudi, we mpumbavu!" na huku anaweka tonge mdomoni. Nilipenda pale. Nasema wazi, nilipenda pale kuliko mahali popote mwaka ule, na nilimpenda Raymond, si kwa mapenzi ya kuoana, ila kwa namna unavyompenda mtu anayekamilisha jambo ulilolianza kabla hujamwambia lilivyo. Alikuwa ananipa kila kitu alichoandika. "Pitia," anasema, anaendelea na kazi, haangalii hata nikisahihisha. Ulimi wake aliniachia mie niutunze.

Tukashinda tena, nembo ya mashindano ya mpira. Halafu nikasikia kitu. Nilikuwa napanda ngazi za chuo na chupa ya chai, mlango uko wazi, Mwalimu anamsimulia mgeni wake, mwanamume wa kampuni moja ya matangazo. Mgeni aliuliza ile jozi inayoshinda ni akina nani. Mwalimu akajibu, "Kijana ndiye mwenye kipaji. Yule binti ni mkalimani wake tu." Wakacheka kidogo, cheko la watu wazima, wakaendelea na mambo mengine. Nikasimama pale na chai inaniunguza kiganja. Mkalimani! Mie! Maneno yote yale, "Nimekwambia kidogo" iliyokuwa inarudiwa na makonda, ikawa ni ukalimani. Sikumchukia Mwalimu. Mwalimu nilikuwa namwogopa, na mtu unayemwogopa humchukii, unatafuta wa kumchukia karibu yake. Kuanzia siku ile Raymond akisema "lafiki yangu" nilikuwa nasikia kama ananitukana.

Shindano la tatu likabandikwa mlangoni. Shirika moja lilitaka bango la kuhimiza vijana wakapige kura. Safari hii hakuna jozi, kila mtu peke yake, na zawadi yake haikuwa cheti. Yule mgeni wa kampuni ya matangazo alitoa nafasi moja ya kujifunza kazi ofisini kwake, na ukifaa unaajiriwa. Moja tu. Raymond aliniambia pale Mwenge, anaangalia mikono yake, "Nisipoipata hii, Saida, mjomba ananingoja na tezo. Amesema ada basi." Nami nilikuwa naitaka nafasi ile kiasi kwamba nilikuwa siwezi kumaliza chakula. Sababu zangu hazikuwa kubwa kuliko zake. Nilitaka tu kuona uso wa Mwalimu Mbonde siku mkalimani atakapoitwa jina lake.

Asubuhi ya kukabidhi tulikuwa wawili tu darasani, wengine wameshuka kununua vitumbua. Maneno yangu yalikuwa mazuri na nilijua: "Wino utafutika. Ulichochagua kitabaki." Ila kidole nilichokichora, kile cha kuchovya wino, kilikuwa kama muhogo uliolala maji. Raymond akakitazama akaguna. "Lete." Akafuta, akaanza upya, kidole cha bibi kizee, kucha iliyopasuka, mikunjo kwenye viungo, wino umeingia kwenye nyufa za ngozi. Shindano ni la kila mtu peke yake, lakini hakuuliza, wala mie sikumkataza. Wakati anachora akanisukumia nakala yake kwa kiwiko. "Pitia." Nikaivuta.

Ilikuwa foleni. Watu wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, unaona migongo tu: mbeba mizigo wa Tandale kashusha gunia lake kando, mama na mtoto mgongoni, kijana mwenye kofia, mchongaji mwenye vumbi mabegani. Hakuna sura hata moja, na kila mtu unamjua. Juu yake, kwa herufi nene alizochora kwa mkono, zilizosimama vizuri kuliko herufi zozote za kompyuta, aliandika: KULA YAKO USIMWACHIE MTU.

Nililiona. Ningependa sana kuandika hapa kwamba macho yalipita. Nililiona kabla sijamaliza kuliangalia, kama unavyoona nzi kwenye maziwa. L badala ya r. Alikusudia kura, akaandika kula, na watu wote wale wamepanga foleni kama ya ubwabwa wa shughuli. Alikuwa ameinamia kidole changu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama kawaida yake akiwa makini. Nikamsikia anavuta makamasi, alikuwa na mafua. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema "Ray, we mshamba, umekosea," kama nilivyosema mara mia. Nikachukua penseli. Nikaandika kwenye kona, kwa mwandiko wangu mzuri, "Iko sawa, S." Nikamrudishia, akasema, "Asante," na hakuangalia.

Mchana, mabango yalipokamilika, waamuzi walikuja na kukaa mbele, mama mmoja wa lile shirika na yule baba wa kampuni ya matangazo, Mwalimu kasimama pembeni na rula yake. Sie tulipanga mabango yetu ukutani, kila mmoja anaitwa anaeleza lake. Zamu ya Raymond ikafika. Yule baba aliinuka kitini akasogea karibu na ile migongo, na nikaona anavyotikisa kichwa, nikajua angeshinda. Angeshinda kabisa. Ndipo yule mama akavaa miwani.

"Kijana, umeandika nini hapa juu?"

"Kula, mama."

"Kula?"

"Ndiyo, mama. Kula yako usimwachie mtu. Kwa sababu vijana wengi tunaacha watu wengine ndiyo watuchagulie."

"Wawachagulie nini? Wali au ugali?" akauliza yule baba, na darasa likalipuka. Raymond akacheka nao kidogo, kwa mazoea, akijua kuna utani umepita ila hajaudaka.

"Hapana," akasema, anainua mikono kuwatuliza, "si hiyo kula. Kula! Kula ya lais! Kula ya mbunge!"

Watu walilala juu ya meza. Kuna aliyekuwa anapiga sakafu na kiatu. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuzama, maana neno la kumwokoa lilikuwa halipo mdomoni mwake. Yule mama hakucheka. "Kwa hiyo rais anakula, mbunge anakula," akasema taratibu, "na hawa maskini wamepanga foleni wanasubiri makombo. Nani kakutuma?" Raymond akageuka akaangalia bango lake, akalisoma, midomo inatembea. Nikamwona anasoma mara mbili. Bado halioni. Mwalimu akasogea, akaweka ncha ya rula juu ya ile L, na hapo nikaona shingo ya Raymond inabadilika rangi, kutoka kwenye kola kupanda juu.

"Raymond," Mwalimu akasema. "Nani alikuwa jicho la pili?"

Nakala ilikuwa kwenye bahasha kwapani mwake, na kwenye nakala kulikuwa na S yangu. Akaniangalia mara moja tu. Nami nikafanya nini? Nikaangalia kidole cha bibi kizee kwenye bango langu, kama mtu ambaye hayamhusu.

"Sikumpa mtu, mwalimu," akasema. "Nilisahau."

"Ulisahau." Mwalimu akagonga rula katikati ya ile foleni, mgongoni mwa yule mbeba mizigo. "Basi hii ni maiti isiyo na ndugu. Ibandue. Mlango unaujua."

Akalibandua. Gundi ilikuwa imeshika, kona moja ikachanika ikabaki ukutani na kichwa cha mtoto. Bango langu ndilo lililoshinda. Yule baba aliusifu mkono. "Angalieni mikunjo ya kidole hiki! Binti, mkono huu umeutoa wapi?" Nikasema, "Asante." Mwalimu Mbonde aliniita jina langu lote mbele ya watu, na uso niliokuwa nautamani niliuona, nao ulikuwa uso wa kawaida tu wa mtu mwenye njaa anayetaka kwenda kula.

Raymond alinisubiri chini, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, kati ya ndoo za rangi. Akatoa nakala kwenye bahasha akanipa. "Shika kalatasi yako, isije ikakuletea matata." Nikasema, "Sikuona, Ray. Wallahi sikuona." Nilimwapia Mungu mchana kweupe, na kaka wa dukani anapima misumari pembeni. Raymond akaniangalia. Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Sawa," akasema. "Iko sawa." Akaondoka upande wa Mwenge, bango kaliviringisha kwapani kama mkeka. Ile nakala niliichanachana nikaitupa chooni, nikavuta maji mara tatu.

Kazi niliipata, nikafaa, nikaajiriwa, na leo mabango mengi mnayoyaona mjini hayapandi juu kabla mie sijaweka sahihi. Wanafunzi wanaokuja kujifunza ofisini kwangu wananiita Madam, na najua wakiwa ngazini wananiita jina lingine. Kosa la herufi moja namwita mtu mbele ya wenzake. Nimewahi kumliza kijana kwa nukta. Watu wanasema Saida ana jicho, Saida hapitwi na kitu. Nikisikia hivyo huwa nabadilisha mazungumzo.

Raymond aliishia Temeke, Tandika, anaandika mabango ya saluni, mabucha na shule za watoto. Miaka kadhaa hatukuonana. Halafu siku moja simu ikaingiza picha kutoka namba nisiyoijua: kipande cha ubao wa bucha chenye maneno NYAMA MBUZI kwa penseli, na chini yake ujumbe wa neno moja. "Pitia." Nilikaa na simu ile mkononi mpaka kioo kikazima. Kisha nikamjibu, "Ni nyama buzi, siyo nyama mbuzi, unaua wateja? Hapana, samahani, mbuzi iko sawa." Nilikuwa nimechanganyikiwa mpaka nasahihisha kilicho sahihi. Akajibu kwa kucheka. Kuanzia hapo alikuwa ananitumia kila kitu, na mie nilikuwa namjibu ndani ya dakika, hata nikiwa kikaoni, hata nikiwa kwenye swala nikishatoa salamu tu. Mara moja pekee alinikatalia. Alinitumia bango la karakana yake mwenyewe: LAIMONDI SANAA NA MABANGO. Nikamwandikia, "Imekosewa, ni Raymond." Akajibu, "Hiyo iko sawa." Kile tulichomchekea alikichora kwa rangi tatu akakitundika barabarani. Yale ya mwaka ule hatukuyataja hata siku moja. Sijui kama alikuwa ananisamehe kila alipoandika "Pitia," au alikuwa ananiadhibu. Nilikuwa sitaki kumuuliza, nisije nikajua.

Basi asubuhi ile ya msiba nikafika Tandika. Turubai limefungwa kutoka ukuta wa karakana hadi kwa jirani, akina mama wapo kwenye mikeka, na watu wamepanga foleni ya chai, migongo yote kwangu. Nikasimama. Kulikuwa na mbeba mizigo, kulikuwa na mama na mtoto mgongoni. Nikapita pembeni haraka.

Mama Neema akanishika mkono akaniingiza karakanani. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimefunikwa khanga. "Aliuandika mwenyewe," akasema. "Figo zilipokataa alijua. Tukimkataza anasema hawezi kulala chini ya mwandiko wa mtu mwingine. Alisema usiende makaburini kabla Saida hajaupitia." Akavuta khanga. Ulikuwa msalaba wa mbao, rangi nyeupe, herufi nyeusi. Jina lake, RAYMOND, limesimama pale na R nzuri, mguu wake umetoka mbele kidogo kama mtu anayetaka kuanza kutembea. Tarehe ya kuzaliwa. Nafasi ya tarehe ya kufa, ambayo mtu mwingine ameijaza kwa mkono mbaya. Na kwenye ubao wa kulala: LAHA YA MILELE UMPE EE BWANA.

Kwenye kona ya chini alichora mstari mdogo wa penseli, wa mtu kuandika neno na herufi moja.

Alijua. Mtu aliyeandika R ile kwenye jina lake anajua raha inaanza na nini. Au hakujua, mkono ulikuwa umechoka ukarudi kwao. Nilisimama nalipima hili na lile, na Mama Neema ananiangalia, na katekista mlangoni anatazama saa. Yule katekista alishaliona, nikamjua kwa anavyokwepa macho. Watu wengi walishaliona wakanyamaza, maana nani atamkosoa maiti mbele ya mjane?

"Da' Saida," akasema Mama Neema, na akanipa penseli. "Iko sawa?"

Penseli ilikuwa fupi, imetafunwa mwishoni. Ilikuwa rahisi mno kuandika. Ilikuwa rahisi kama ile mara ya kwanza.

"Haiko sawa," nikasema.

Nje mtu aliangusha kikombe. Katekista akaingia, kakunja uso. "Dada, muda umekwenda, padri anasubiri. Kosa dogo hilo. Kwani wewe nani wake, ndugu wa marehemu?"

Nikasimama wima, kama tulivyofundishwa. "Kosa ni langu," nikasema. Halafu nikamwambia Mama Neema, mbele ya katekista na mbele ya wanawake waliokuja kuchungulia, habari za ile nakala, kuanzia kwenye mafua mpaka chooni. Haikuchukua muda. Mambo niliyoyabeba miaka yote yalikwisha kabla chai haijapoa. Alinisikiliza bila kukatiza. Alipoona nimemaliza, akaenda kwenye rafu, akarudi na kopo la rangi nyeupe, la nyeusi na brashi, akaviweka mbele yangu kwa nguvu mpaka rangi ikaruka. "Rekebisha," akasema. "Halafu usije makaburini."

Nikarekebisha. Nilifuta mguu wa L kwa rangi nyeupe, nikabaki na kijiti, nikakipa tumbo na mguu nikiigiza ile R ya jina lake. Mkono sina, Mwalimu alishasema. Tumbo likavimba, mguu ukaenda upande. Hawakungoja ikauke. Waliubeba msalaba, watu wote wakaufuata, mie nikabaki karakanani peke yangu na harufu ya tina.

Nilikwenda baadaye, siku ambayo hakuna mtu. Mvua na jua vimeanza kuzila herufi zake, zimepauka, jina lake unalisoma kwa kuinama. Yangu niliipaka nene mno, haijapauka hata kidogo. Ukiwa bado mbali, kabla hujajua kaburi ni la nani, unaiona R.